Kabla ya Kumtoa Darasani, Uliza Anapata Nini

Kipindi cha kusoma kwa sauti kimeanza. Kila mwanafunzi anasoma aya moja, zamu inapita safu kwa safu. Inapobaki watu watatu imfikie mvulana wa dawati la nyuma, anaanza kugonga meza, anamvuta jirani yake shati, analia kama mbuzi. Mwalimu anamkaripia mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu anamwambia, "Toka nje!" Mvulana anatoka, darasa linatulia, na mwalimu anaendelea akiamini kwamba adhabu imefanya kazi. Wiki inayofuata fujo inaanza zamu ikiwa bado watu sita mbele yake.

Tuhesabu nani kapata nini. Mwalimu kapata utulivu wa dakika 15. Mvulana, ambaye silabi zinamshinda na anaogopa kuchekwa, kapata alichokuwa anakitafuta: hakusoma. Wote wawili wamelipwa, na kinacholipwa hurudiwa. Safari ijayo mwalimu atamtoa nje upesi zaidi, na mvulana ataanza fujo mapema zaidi. Hakuna mjinga kati yao. Kila mmoja amejifunza vizuri somo ambalo mwenzake amemfundisha bila kujua.

Mazungumzo mengi ya nidhamu shuleni huishia kwenye swali la ukali: adhabu iongezwe au ipunguzwe. Swali lenye faida ni jingine: tabia hii inamletea nini mwanafunzi? Majibu yake si mengi. Ama anapata kitu (mwalimu amtazame, wenzake wacheke, apewe anachokitaka), ama anakwepa kitu (kazi ngumu, aibu, mtu fulani, kelele zinazomchosha). Neno "mtundu" linataja tulichokiona tu. Halielezi kwa nini fujo huja saa nne na si saa mbili, kwenye kusoma na si kwenye michezo.

Kabla ya mbinu yoyote, maliza la mwili. Mtoto asiyeona ubao atazungumza na jirani yake ili aambiwe kilichoandikwa. Asiyesikia vizuri ataonekana mkaidi. Mwenye njaa, au ambaye hakulala, hatarekebishwa na kadi wala tuzo. Jambo hili halihitaji maelezo marefu, linahitaji kukumbukwa.

Kazi kubwa hufanyika kabla ya fujo

Mwaka 1970 mtafiti Jacob Kounin alichapisha matokeo ya miaka ya kuchunguza madarasa, mengine kwa kupiga picha za video. Alianza na swali ambalo wengi wetu tungeanza nalo: mwalimu hodari anakemeaje? Akagundua kwamba namna ya kukemea haikuwatofautisha walimu wenye madarasa tulivu na wale waliolemewa. Tofauti ilikuwa kabla ya kosa. Walimu hodari waliona dalili mapema, walilihamisha darasa kutoka kazi moja hadi nyingine bila kuacha pengo, na waliliendesha somo kwa namna ambayo yeyote angeweza kuulizwa wakati wowote.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1968, Charles Madsen, Wesley Becker na Don Thomas walikuwa wamejaribu vitu vitatu hatua kwa hatua katika madarasa ya shule ya msingi: kanuni, kupuuza makosa madogo, na kusifu tabia nzuri. Kanuni peke yake hazikubadilisha karibu chochote. Kupuuza bila kusifu hakukuwa na matokeo ya kutegemewa. Sifa kwa wanaofanya vizuri zilipoongezwa, ndipo tabia zikabadilika. Zaidi ya nusu karne baadaye bado tunabandika kanuni ukutani siku ya kwanza ya muhula na kushangaa ifikapo wiki ya tatu.

Kanuni zifundishwe kama hesabu zinavyofundishwa. Ziwe tatu, zisizidi tano, na kila moja iseme kinachotakiwa kufanywa. "Usikimbie" inamwacha mtoto bila cha kufanya. "Tembea upande wa kulia" inampa la kufanya. Kisha kila kanuni itafsiriwe kwa kila mahali. Heshima darasani ni kuinua mkono na kusubiri. Heshima kwenye foleni ni kukaa nyuma ya aliyetangulia, mikono kwako. Heshima chooni ni kugonga mlango na kumwaga maji. Usipoitafsiri hivyo, neno "heshima" kila mtu atalijaza kwa maana aliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Somo lenyewe halizidi dakika 15, na lifanyike mahali husika: kanuni ya foleni hufundishwa kwenye foleni. Mwalimu aeleze, aonyeshe, kisha wanafunzi wafanye huku wakiambiwa walipopatia. Unaweza kuonyesha pia mfano mbaya, lakini uonyeshe wewe mwalimu. Ukimwita mwanafunzi aigize utovu wa nidhamu, na hasa yule anayependa kuchekesha, umempa jukwaa na hadhira, na darasa zima limefanya mazoezi ya kosa. Rudia masomo haya baada ya kila likizo, na popote takwimu zinapoonyesha pamelegea.

Mlangoni pana dakika mbili ambazo shule nyingi zinazipoteza. Clayton Cook na wenzake mwaka 2018 waliwafundisha walimu kusimama mlangoni, kumsalimu kila mwanafunzi kwa jina, kumkumbusha kazi ya kuanzia iliyo ubaoni, na kumwambia neno la kutia moyo aliyekuwa na siku mbaya jana yake. Muda ambao wanafunzi walikuwa kwenye kazi uliongezeka kwa pointi 20 za asilimia, na usumbufu ukapungua kwa pointi 9. Kinachoharibu mbinu hii ni kukosa kazi ya kuanzia. Ukisalimia watu 40 huku waliotangulia kuingia wamekaa bure, fujo itaanza nyuma ya mgongo wako.

Kisha somo lenyewe. Mwanafunzi aliyeulizwa mara moja katika dakika 40 ana dakika 39 za kutafuta shughuli nyingine. Kigezo kinachotumika tangu miaka ya 1980 ni nafasi 4 hadi 6 za kujibu kwa dakika katika mada mpya, huku majibu sahihi yakifika asilimia 80, na 8 hadi 12 kwa dakika katika marudio, usahihi ukifika asilimia 90. Mwalimu anayesikia takwimu hizo kwa mara ya kwanza hudhani haiwezekani, kwa sababu anafikiria mmoja mmoja akiinua mkono. Zinawezekana darasa likijibu pamoja kwa ishara, au kila mmoja akiandika jibu kwenye kibao au karatasi na kuliinua juu, au wawili wawili wakiambizana. Baada ya swali subiri sekunde tatu hivi ndipo utoe ishara. Ukiharakisha, wanaojibu ni walewale watano.

Angalia pia zile asilimia 80. Zikishuka hadi 50, hata uulize mara ngapi, umezalisha sababu ya kukwepa. Sehemu kubwa ya kinachoitwa utovu wa nidhamu, kwa maoni yangu, ni kazi iliyopimwa vibaya.

Sifa nazo zina ufundi wake. "Vizuri sana" haimwambii mtoto arudie nini. "Umefungua daftari na kuandika tarehe kabla sijasema" inamwambia. Taja tendo, litaje mara tu linapotokea, na sauti yako iwe ya kawaida. Kwa wanafunzi wakubwa sifa ya hadharani inaweza kuwa adhabu. Neno la chini ukipita karibu na dawati lake, au mstari mmoja kwenye daftari, unatosha. Wengi wanakariri uwiano wa sifa nne kwa karipio moja. Paul Caldarella na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2020 wenye wanafunzi 2,536 wa shule za msingi nchini Marekani, hawakuona namba ya ajabu ambayo ukiivuka mambo hubadilika. Waliona mstari: kadiri sifa zilivyozidi makaripio, ndivyo wanafunzi walivyokuwa zaidi kwenye kazi. Kwa hiyo usisubiri kufika nne kwa moja. Ukitoka sifa moja kwa makaripio matatu ukafika nusu kwa nusu, tayari umesogea.

Namna rahisi ya kujipima ni kurekodi sauti ya dakika 15 za somo lako kwa simu, kisha ukae peke yako na kuweka mistari miwili kwenye karatasi, wa sifa zinazotaja tendo na wa makaripio. Walimu wengi hudhani wanasifu zaidi ya wanavyosifu kweli. Ukitaka kupanda, weka mbegu 10 kwenye mfuko wa kushoto, na kila sifa inayotaja tendo ihamishe mbegu moja kwenda mfuko wa kulia. Kipindi kisiishe mbegu zikiwa upande wa kushoto.

Karipio linapobidi, liwe fupi, la karibu na la chini. Sogea, sema tendo unalotaka ("funga kitabu, utazame ubao"), kisha ondoka. Kuondoka ndiko kunakosahaulika. Ukibaki umesimama ukimsubiri mbele ya darasa, umeligeuza agizo kuwa pambano, na kijana wa miaka 14 hawezi kushindwa mbele ya wenzake. Geuka, msaidie mwingine, na baada ya sekunde kumi hivi tupa jicho. Akiwa ametii, mshukuru kimya.

Mchezo unaostahili kuchezwa sawasawa

Kati ya mbinu zote za darasa zima, hakuna ninayoiamini kuliko Mchezo wa Tabia Njema, na hakuna ninayoona ikiharibiwa zaidi. Ulielezwa mwaka 1969 na Harriet Barrish, Muriel Saunders na Montrose Wolf, katika darasa la nne moja huko Kansas, Marekani. Darasa liligawanywa timu mbili. Mtu akisimama bila ruhusa au akizungumza bila ruhusa wakati wa hesabu, timu yake iliwekewa alama ubaoni. Timu yenye alama chache ilishinda, na timu zote mbili zilishinda kama kila moja ilibaki na alama chache za kutosha. Tuzo zilikuwa za kawaida kabisa: kutangulia kwenye foleni ya chakula, nyota ukutani, muda wa ziada wa shughuli wanazozipenda mwisho wa siku. Kabla ya mchezo, kuzungumza ovyo kulionekana katika asilimia 96 ya vipande vya muda vilivyochunguzwa, na kutoka kitini katika asilimia 82. Wakati wa mchezo vilishuka hadi asilimia 19 na 9.

Huko Baltimore, Marekani, Sheppard Kellam na wenzake waliujaribu kwa wanafunzi wa darasa la kwanza kuanzia mwaka wa shule wa 1985 hadi 1986, huku madarasa na walimu wakipangwa kwa bahati nasibu, wakawafuatilia watoto hao hadi walipokuwa na miaka 19 hadi 21. Waliocheza mchezo utotoni, hasa wavulana walioanza shule wakiwa na ugomvi mwingi, walikuwa na matatizo machache zaidi ya dawa za kulevya kuliko wenzao ambao hawakucheza. Ni jambo la kutafakari: mchezo wa dakika chache ubaoni, na athari yake inapimika mtoto akiwa mtu mzima.

Ili uufanye kama ulivyokusudiwa, anza kwa kuhesabu kabla ya kubadilisha chochote. Kwa siku tatu hesabu makosa ya kipindi kimoja. Chagua makosa mawili au matatu na uyaeleze kwa namna ambayo watu wawili wasiofahamiana wangeyahesabu sawa. "Ukaidi" hauhesabiki. "Kutoka kitini bila ruhusa" kunahesabika. Panga timu wewe mwenyewe, uchanganye watulivu na wasumbufu. Wakijipanga wenyewe, wasumbufu wote wataishia timu moja na mchezo utakuwa umekwisha kabla ya kuanza. Kikomo kiwe cha kufikiwa: kama makosa ya kawaida yalikuwa 12 kwa timu, anza na 6, ushushe taratibu hadi 4. Cheza dakika 10, mara tatu kwa wiki, katika kazi tulivu. Muda urefushwe wiki kwa wiki, na baadaye ucheze bila kutangaza, uwaambie mwishoni kwamba mchezo ulikuwa unaendelea, ili tabia isiishi ndani ya dakika 10 tu.

Unapoweka alama, taja timu na kosa, bila jina: "Timu ya pili, mtu ametoka kitini. Asanteni timu ya kwanza na ya tatu, mmekaa." Ukitaja jina, umetengeneza adui wa timu, na mapumziko atalipizwa. Mchezo huharibika kwa sababu tatu. Ya kwanza, mwalimu anapanga mshindi mmoja tu, na timu iliyokwisha kupoteza dakika ya nne haina sababu ya kujizuia kwa dakika sita zilizobaki. Weka kikomo, na wote watakaobaki chini yake washinde. Ya pili, tuzo inaahidiwa na inacheleweshwa hadi Ijumaa. Kwa mtoto wa miaka saba Ijumaa ni mbali mno. Itoe papo hapo, hata kama ni dakika mbili za kuimba. Ya tatu, mwanafunzi mmoja anaamua kuiangusha timu yake kusudi. Mwondoe kwenye timu na umfanye timu ya mtu mmoja kwa siku chache, bila hasira, kisha mrudishe. Akiendelea, mchezo hauna kosa. Huyo anahitaji kitu kingine.

Kadi ya siku

Hata darasa na shule vikienda vizuri, baadhi hawatatosheka na hayo. Mfumo wa ngazi tatu ulioenea sana kutoka Chuo Kikuu cha Oregon, kwa kazi ya George Sugai na Robert Horner, unakadiria kwamba asilimia 80 hivi ya wanafunzi hutosheka na ngazi ya kwanza, yaani mbinu za shule nzima na darasa zima, 15 huhitaji msaada wa ziada (ngazi ya pili) na 5 huhitaji mpango wa mtu mmoja (ngazi ya tatu). Kipimo rahisi ni idadi ya mara mwanafunzi alizopelekwa ofisini kwa mwaka: sifuri au moja, mbili hadi tano, sita na kuendelea. Namba hizi ni za kuongoza jicho, zisigeuke kuwa mgao. Shule ikikuta asilimia 40 ya wanafunzi wake "wanahitaji" msaada wa ngazi ya pili, tatizo liko ngazi ya kwanza, na kuwapa wote kadi ni kuwachosha walimu bure.

Kwa wale wa kati, mbinu ninayoipendekeza kwanza ni kuripoti asubuhi na jioni. Mwanafunzi anamwona mtu mzima mmoja kila asubuhi, dakika mbili, anapewa kadi ya siku yenye kanuni tatu za shule na vipindi vyote. Mwisho wa kila kipindi mwalimu anaandika 2, 1 au 0 kwa kila kanuni na kusema sentensi moja kwa nini. Jioni wanajumlisha pamoja, kadi inakwenda nyumbani kusainiwa, inarudi kesho. Kwa kanuni tatu na vipindi sita, jumla ya juu ni 36. Lengo la kawaida ni asilimia 80, yaani pointi 29. Lakini mpime kwanza bila lengo kwa siku tatu au nne. Kama wastani wake ni 18, lengo la 29 litamvunja moyo siku ya kwanza. Anza na 22.

Mtu wa asubuhi awe ambaye mtoto anapenda kumwona, na ambaye hakosekani. Mpishi, mlinzi au karani wa ofisi anaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko mwalimu wa nidhamu. Pointi iliyopatikana isifutwe. Mtoto aliyepata 2 asubuhi na kupigana mchana ana 0 ya mchana, na 2 yake ya asubuhi inabaki. Ukiifuta, umemfundisha kwamba juhudi hazina akiba. Kadi isigeuke waranti nyumbani. Kama mlezi huipokea kwa fimbo, mtoto "ataipoteza" kila siku, na haki yake kuipoteza. Kwa familia hiyo, kadi isainiwe na mtu mwingine hapohapo shuleni.

Tazama namba kila baada ya wiki mbili. Akifikia lengo siku nne kati ya tano kwa wiki nne hadi sita, anza kumwachia: yeye mwenyewe ajipe pointi na mwalimu alinganishe, kisha kadi iwe ya siku tatu kwa wiki, kisha salamu za asubuhi tu. Ukiikata ghafla, utaona makosa yakirudi, na watu watasema mtoto "alikuwa anaigiza".

Kadi hufanya kazi vizuri kwa mwanafunzi anayetafuta usikivu wa watu wazima, kwa sababu inampa usikivu huo mara nane kwa siku bila kuudai kwa fujo. Kwa anayekwepa kazi ngumu haina nguvu hiyo. Yule mvulana wa dawati la nyuma ukimpa kadi, atakusanya sifuri kwenye kusoma kila siku, na sasa kushindwa kwake kutakuwa kumeandikwa.

Kuchimba chanzo

Hapo ndipo tunahitaji kuchunguza tabia inafanya kazi gani. Daftari lenye safu nne linatosha: saa na mahali, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Andika matukio kumi hivi, kwa maneno ya kamera. "Alikasirika" si neno la kamera. "Alisukuma kitabu kikaanguka" ni la kamera. Usiache safu ya nne. Walimu wengi huandika kilichotangulia na kosa, wakasahau kuandika wao wenyewe walifanya nini baadaye, na mara nyingi jibu limo humo. Andika pia nyakati ambazo tabia haikutokea ingawa ungeitarajia.

Kisha toa sentensi moja: akipewa kazi gani, anafanya nini, na anapata au kukwepa nini. Kwa mfano: "Anapotakiwa kusoma kwa sauti mbele ya darasa, hugonga meza na kuchokoza jirani, na matokeo yake hutolewa nje na kukwepa kusoma." Ijaribu. Mpe siku mbili aya fupi aliyoizoea. Fujo ikipungua, dhana yako ina miguu. Ikibaki vilevile, pengine analipwa na kicheko cha wenzake, na unarudi kwenye daftari.

Kwa nini tujisumbue hivyo? Kwa sababu dawa isiyolingana na chanzo haifanyi kazi hata ikiwa nzuri. Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand waliwafundisha watoto wanne wenye ulemavu wa ukuaji kuomba kwa maneno walichokuwa wakikitafuta kwa fujo. Sentensi moja ilikuwa ya kuuliza kama wanafanya vizuri, ili wasifiwe. Nyingine ilikuwa ya kusema hawaelewi, ili wasaidiwe. Fujo ilipungua pale tu mtoto alipofundishwa sentensi iliyolingana na haja yake. Aliyehitaji msaada, ukimfundisha kuomba sifa, alibaki palepale.

Ukiacha kuilipa tabia ya zamani, mara nyingi itapanda kabla ya kushuka. Mtoto aliyekuwa anagonga meza atapiga kelele, kwa sababu njia iliyokuwa ikifunguka leo imefungwa na anaisukuma kwa nguvu zaidi. Waambie walimu wote na mzazi kabla hamjaanza. Wanaoshindwa hapa huvumilia siku nne na kukubali siku ya tano, na hivyo wamemfundisha mtoto kwamba kiwango kipya cha kelele ndicho kinachofungua mlango. Kwa tabia inayoweza kuumiza mtu, kupuuza si chaguo hata kidogo. Linda watu kwanza.

Tuzo na adhabu

Pingamizi la tuzo husikika kila mahali: tunawahonga watoto wafanye wajibu wao. Nalichukulia kwa uzito, kwa sababu lina ushahidi upande wake. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora, wakawaahidi baadhi cheti wakichora. Baadaye hao walioahidiwa walichora kidogo kuliko wenzao walipoachwa huru. Lakini waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupoteza hamu. Natoa humo kanuni ya kazi: usiahidi tuzo kwa kitu ambacho mtoto tayari anakipenda. Tumia tuzo kuanzisha tabia ambayo haipo, iwe ndogo, ifungamane na maneno yanayotaja tendo, na uipunguze tabia inaposhika.

Upande wa ukali, kikosi kazi cha Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani mwaka 2008 kilipitia sera za kutovumilia kosa lolote na hakikupata ushahidi kwamba zinazifanya shule kuwa salama zaidi. Kuhusu viboko, Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor mwaka 2016 walikusanya tafiti 75 zenye watoto zaidi ya 160,000, ingawa zilihusu kipigo cha wazazi: kilihusiana na ugomvi zaidi na matatizo zaidi ya kisaikolojia, na hakuna pale ambapo kilihusiana na tabia bora. Shule zikisaidiwa, zinaweza kubadilika. Wilayani Luwero, Uganda, jaribio la shule za msingi 42 lililochapishwa mwaka 2015 lilionyesha kwamba katika shule zilizofuata mpango wa kubadilisha utamaduni wa shule nzima, wanafunzi waliosema wamepigwa na watumishi wa shule katika wiki iliyotangulia walikuwa asilimia 31, dhidi ya 49 katika shule nyingine.

Kiboko kina udhaifu wa kimatendo pia. Kinakomesha tabia papo hapo, na hilo humlipa anayechapa. Lakini hakimfundishi mtoto afanye nini badala yake, na haja iliyozaa fujo inabaki ileile.

Shule inayosema mpango umeshindwa, niiulize kwanza kama umefanyika. Andikeni hatua za mpango kwenye karatasi, mtu mwingine akae darasani mara moja kwa wiki aweke alama kwenye hatua zilizofanyika. Zikiwa chini ya nane kati ya kumi, msibadilishe mpango. Msaidieni mwalimu kuutekeleza. Mara nyingi utakuta mwalimu ana madarasa matano, kadi tisa, na hakuna aliyemwachia dakika moja ya kuzijaza.

Turudi kwa mvulana wa dawati la nyuma, tukiandika mpango wake. Aya yake anaonyeshwa jana yake, sentensi nne tu, na anaisoma na mwalimu dakika tano kabla ya vipindi kuanza. Zamu haifuati tena safu; mwalimu huita majina bila mpangilio, ili isiwepo hesabu ya kungoja kwa hofu. Mezani ana kadi ndogo ya kuomba apitwe, anaruhusiwa kuitumia mara mbili kwa wiki, na akiiinua anapitwa bila swali wala kicheko. Akigonga meza, hatolewi nje: mwalimu anamwelekeza kwenye kadi kwa kidole na kuendelea na somo, na kama hakuinua kadi, anasoma sentensi yake moja pamoja na mwalimu, sauti zikienda sambamba. Mara tatu kwa wiki, kwa dakika 20, anafundishwa silabi zinazomshinda, maana bila hilo mengine yote ni kiraka. Wiki ya kwanza fujo itapanda. Daftari liendelee kuandikwa, na kadi ishuke hadi mara moja kwa wiki pale tu itakapokuwa imemaliza wiki mbili mezani bila kuinuliwa.